Kitanda Kiko Njiani

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka asubuhi na mkoba mmoja, ameniachia maagizo kumi na moja. Amekwenda kumchukua mama yake, aliyepasuliwa mtoto wa jicho wiki iliyopita. Wanarudi Jumamosi. Mama mkwe atakaa kwetu mwezi mzima. Daktari amesema asiiname, asinyanyue kitu, asigongwe, na zaidi ya yote asianguke. Kulala chini ni marufuku. Kitanda kiwe cha kimo, akae bila kujikunja.

Maagizo kumi ni mepesi. Kufua mapazia. Kununua sabuni isiyo na harufu. Kutogusa jiko la gesi. La kumi na moja ndilo mfupa wa kooni: "Pita kwa Fundi, uongee naye habari ya kitanda cha Mama."

Kwa Fundi! Bora ningeambiwa niongee na simba.

Fundi ni seremala wa ng'ambo ya barabara. Karakana yake inatazamana na dirisha letu. Zamani tulikuwa tukinywa chai pamoja. Mwaka jana nikanunua mtandaoni seti ya patasi kumi na mbili, kwenye mkoba wa ngozi, kila moja na mfuko wake. Siku hiyo kichwa kilivimba. Nikasimama mbele ya wateja wake nikamwambia kiti chake kimekaa upande, na kwamba baada ya mwezi mmoja watakuja kununua kwangu. Tangu hapo nimetengeneza stuli moja. Ina miguu minne na kila mguu una ratiba yake ya kugusa sakafu. Fundi aliiona siku niliyoipaka vanishi kwenye kibaraza. Tangu siku hiyo ananiita Injinia. Hasemi jingine lolote.

Siendi.

Na kwa nini niende, dunia ikiwa mkononi? Nimefungua simu saa ya chai kazini, nikiwa nimejificha nyuma ya rafu za mafaili. Dakika nne tu. Kitanda! Mbao ngumu, miguu iliyochongwa, kichwani mto wa mahameli. Picha inatia machozi. Chini yake wameandika: Kinapendwa na mama. Ningeomba ishara gani tena? Kinafika Jumatano. Nimebonyeza. Nimebonyeza na taa moja pia, kwa sababu ilikuwa pembeni yake na ilionekana mpweke.

Mke wangu amepiga simu jioni. Ameuliza kama nimepita kwa Fundi. Nikasema tumeonana. Ni kweli. Yeye alikuwa anapiga randa, mimi nilikuwa dirishani. Akauliza habari ya kitanda. Nikasema kiko njiani.

Akacheka kidogo. Sijui kwa nini.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kusafisha chumba. Chumba chenyewe kilikuwa cha binti yetu. Alipoolewa, nikakifanya makao ya vipaji vyangu. Mke wangu anakiita makaburi ya hamu.

Vilivyomo: hema la watu wanne. Fimbo ya kuvulia samaki (maji ya karibu ni ya bomba). Vayolini yenye nyuzi mbili. Mashine ya kukimbilia, ambayo imekausha nguo nyingi sana. Darubini ya kutazamia ndege, niliyoirudisha kabatini baada ya mama wa ghorofa ya tatu ya jengo la jirani kuniuliza ni ndege gani huyo anayeishi chumbani kwake. Seti ya kufumia sweta. Sweta moja, mkono mmoja.

Wazo! Nifiche kila kitu masjala. Mimi ndiye karani wa masjala katika ofisi ya maji. Mafaili ya mita za zamani hayajaguswa na mtu tangu niajiriwe. Nikabeba hema, vayolini na fimbo, nikavisukuma nyuma ya rafu ya mwisho. Hakuna jicho la binadamu linalofika pale.

Limefika saa tano na robo. Mkuu wa Masjala ni mama aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, na katika miaka thelathini hajakosa kuona kitu. Akachomoa kamba ya hema kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya. Akauliza kama nyumbani nimefukuzwa. Nikasema hapana. Akauliza kama basi nina mpango wa kuvua samaki kwenye mita. Ofisi nzima ikacheka, hata mlinzi ambaye hakusikia.

Nikarudisha kila kitu jioni. Fundi alikuwa ameketi mlangoni pake na kikombe cha chai. Asubuhi aliniona nikitoka na hema begani. Jioni akaniona nikirudi nalo. Akanyanyua kikombe.

"Injinia."

Basi. Neno moja tu, nalo lilinifuata mpaka ghorofa ya pili.

Vitu vyote sasa viko sebuleni nyuma ya pazia. Pazia limetoa kitambi.

Jumatano, 5 Machi

Kitanda kimefika!

Mleta vifurushi amekipandisha ngazi kwa mkono mmoja. Mkono mmoja! Nikamsifu kwa nguvu zake. Akanitazama kwa huruma, akanipa karatasi ya kusaini, akashuka haraka.

Nimekata boksi kwa kisu. Mbao ngumu, ndiyo. Miguu iliyochongwa, ndiyo. Mto wa mahameli, ndiyo. Urefu, kutoka kiwiko changu hadi ncha ya kidole.

Nikafungua tena ile picha. Chini ya maneno "Kinapendwa na mama" kulikuwa na kidoti cha kubonyeza ili kusoma zaidi. Sikuwa nimekibonyeza. Nikabonyeza. Kinapendwa na mama paka na wanawe.

Nimeketi sakafuni kwa muda, pembeni ya kitanda. Paka wa jirani akaja, akakizunguka mara mbili, akanusa mto, akaondoka zake. Hata yeye!

Kukirudisha haiwezekani. Masharti yanataka boksi lisiwe limekatwa. Nimelikata vipande sita kwa furaha.

Lakini mimi si mtu wa kukubali kushindwa. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimepata dawa: godoro la upepo lenye kimo cha kitanda kamili, pamoja na pampu ya umeme. Linafika kesho. Safari hii nimesoma kila kitu. Nimebonyeza vidoti vyote. Paka hawajatajwa.

Mke wangu amepiga. Nikamwambia kitanda kimefika. Ukweli mtupu, hakuna wa kunipinga! Akauliza kwa mshangao kama kweli kimefika. Nikasema kiko mbele yangu. Akauliza kama kina kimo cha kutosha. Nikasema inategemea na anayelala.

Akasema sawa. Ile sawa ya mwalimu wa hesabu anayeona jibu limetokea bila njia.

Alhamisi, 6 Machi

Godoro limefika mapema. Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu za kifamilia. Mkuu wa Masjala aliuliza kama familia inakwenda kupiga kambi.

Pampu ina plagi ya pini mbili bapa. Soketi yetu ina matundu matatu, na hakuna hata moja linalolingana nazo. Nikajaribu kuzisukuma kwa upole. Nikajaribu kuzisukuma kwa hasira. Cheche! Nywele za mkono wa kulia zimepungua.

Nikapuliza kwa mdomo. Baada ya robo saa nikaona nyota, na mwili wangu ulikuwa umepungua kuliko godoro lilivyoongezeka. Nikaazima pampu ya baiskeli ya mlinzi wa jengo. Saa tatu nzima nilipampu. Mgongo ulilia. Kitu kikainuka polepole, kikajaa, kikasimama. Kimo mpaka kiunoni! Nikatandika shuka la maua. Nikalala juu yake dakika kumi nikiwa na viatu mkononi. Raha! Nikajiona nikimkaribisha mama mkwe, naye akimwambia binti yake kwamba hatimaye ameolewa na mtu.

Nikaenda kuoga. Niliporudi, godoro lilikuwa limeinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza umbea wa chumba cha pili.

Nikapaka povu la sabuni. Tundu moja. Boksini kulikuwa na kiraka. Nikaziba. Likafunguka jingine. Nikaziba kwa gundi ya viatu. La tatu likapiga mluzi, tena kwa sauti nzuri kuliko vayolini yangu. Saa kumi na moja jioni godoro lilikuwa limelala chali sakafuni, bapa, na maua ya shuka juu yake. Lilifanana na kaburi jipya.

Maskini mke wangu, ndivyo alivyokiita chumba.

Amepiga. Nimesema kuna marekebisho madogo. Akauliza kama ni Fundi anayerekebisha. Nikasema kuna kelele kwenye laini.

Ijumaa, 7 Machi

Wanafika kesho saa sita mchana. Nimebaki na siku moja, patasi kumi na mbili na akili yangu mwenyewe. Nimehesabu tena kama kuna kingine. Hakuna.

Asubuhi nilifanya jambo la kiume. Nilivaa shati safi, nikashuka ngazi, nikavuka barabara. Nia yangu ilikuwa kumwambia Fundi: ndugu yangu, nimekwama. Nilifika hatua tano kutoka mlangoni. Ndani kulikuwa na wateja wawili, na Fundi alikuwa akiwaonyesha mguu wa meza, umenyooka kama mstari. Akaniona. Akatua randa. Nadhani alikuwa akinisubiri niseme. Wateja nao wakageuka.

Nikachuchumaa nikakagua mfuniko wa mtaro. Nikautikisa. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyetumwa na ofisi ya maji. Nikarudi nyumbani.

Basi, kazi! Nimetengeneza kitanda kwa vitu vilivyomo. Miguuni nimeweka mashine ya kukimbilia, chuma kitupu, haitikisiki. Kichwani nimeweka stuli yangu. Katikati nimelaza milango miwili ya kabati la nguo, niliyoing'oa kwa skrubu zake na kuipiga patasi kidogo pembeni ili ikae. Mlango mmoja ulipasuka. Kidole kimoja pia. Juu nimeweka godoro la sponji kutoka kitandani kwetu, na shuka refu hadi sakafuni ili dhambi zisionekane.

Nimekaa upande wa miguuni. Imara! Nikakaa katikati. Imara! Upande wa kichwani sikukaa. Mtu mwenye busara hajaribu bahati yake mara tatu.

Kwa mbali ni kitanda. Ukikitazama kutoka mlangoni, macho nusu, ni kitanda kizuri sana. Na mama mkwe ana jicho moja tu linalofanya kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Kwanza niseme: mambo ni salama. Mambo ni salama, mambo ni salama.

Teksi ilifika saa sita kasorobo. Mama mkwe akashuka. Ni mkunga mstaafu, mwembamba, mrefu, na juu ya jicho la kulia alikuwa na kifuniko cha plastiki chenye matundu. Jicho la kushoto lilinitazama kwa niaba ya yote mawili. Akasema, "Mwanangu, umekonda." Nikasema ni pampu. Hakuuliza zaidi.

Mke wangu akaniambia nimpandishe Mama taratibu, nimkalishe sebuleni, yeye anavuka barabara mara moja kwa Fundi anakuja. Sebuleni! Nilisikia vizuri kabisa. Lakini sebuleni kulikuwa na lile pazia lenye kitambi, na fimbo ya kuvulia ilikuwa imetoa ncha. Isitoshe niliingiwa na hofu: mke wangu akifika kwa Fundi, nimekwisha. Nikaona heri amkute Mama ameshalala, kitanda kimeshasifiwa, kesi imeshakufa.

Nikampeleka moja kwa moja chumbani.

Akasimama mlangoni. Akasema chumba kinanukia gundi. Nikasema ni usafi. Akatembea, mkono begani kwangu, akageuka, akakaa. Upande wa kichwani.

Kwa muda kidogo hakikutokea kitu. Nilitabasamu. Kisha stuli ikasema neno moja, kaa!, na mguu wake mmoja ukatoka chini ya shuka ukabingirika mpaka ukutani. Milango ya kabati ikainama. Mama mkwe akateremka juu yake, mgongo wima, mikono mapajani, kama bibi harusi kwenye mtelezo. Alifika sakafuni, na ubao ukamfuata ukamgonga kichwani.

Kifuniko kilipinda. Akakishika kwa mkono.

"Mwanangu," akasema, taratibu sana, "jicho."

Sijawahi kuogopa hivyo. Nilitaka kumwinua, nikakumbuka asigongwe. Nilitaka kumwacha, nikakumbuka asikae chini. Nikapiga kelele dirishani. Sikumwita mke wangu. Nilipaza sauti kwa nguvu zote, "Fundi! Fundi wee!"

Alifika kabla sijafunga mdomo. Vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Hakuniuliza, hakunitazama. Alimwinua Mama kwa mikono miwili kama anavyobeba kioo cha kabati, akashuka naye ngazi zote, akamweka kwenye kiti cha mbele cha pikapu yake. Mke wangu alikuwa ameshaketi katikati. Mimi nilipanda nyuma, juu ya mbao, nikishikilia chombo kikubwa kilichofunikwa turubai. Sikukitazama. Njia nzima nilikuwa naomba. Niliahidi mambo mengi. Mengine siwezi hata kuyaandika, maana yana tarehe.

Kliniki ya macho ina benchi refu. Mke wangu aliingia na mama yake. Mimi na Fundi tukabaki kwenye benchi. Nilimwona mkunga yule, aliyezalisha nusu ya mji wao, akimaliza maisha yake gizani kwa sababu ya stuli yangu. Machozi yakaanza. Sikuyazuia. Fundi akatoa kitambaa mfukoni akanipa. Kilinuka vanishi, nikalia zaidi.

Nikamwambia kiti chake hakikukaa upande. Sakafu ndiyo ilikuwa upande. Nikamwambia nimemkosea, mbele za watu tena, na kwamba nimeshindwa hata kuvuka barabara.

Akatazama ukuta. Akasema barabara anaijua, si pana. Na kwamba jana, nilipokuwa naukagua mtaro, aliomba Mungu niinuke niingie ndani.

Mlango ukafunguliwa. Daktari ni kijana wa kike mwenye sauti ya chini. Alisema amelimulika jicho lote. Lenzi haijasogea. Kidonda hakijafunguka. Kifuniko kilifanya kazi yake, ndicho kilichopinda, jicho halikuguswa. Nundu ya kichwani itaisha kwa barafu.

Nilimkumbatia. Nilimkumbatia daktari, nikamkumbatia Fundi, nikamkumbatia na mgonjwa mmoja mwenye matone machoni ambaye hakuona ni nani. Pumzi niliyoivuta hapo nadhani ni ya kwanza tangu Jumatatu. Mama mkwe akatoka na kifuniko kipya, akaniuliza tu, "Kile kitu alikitengeneza nani?"

Fundi akakohoa. Akasema, "Ni Injinia wetu, Mama. Bado anajifunza."

Wetu! Alisema wetu!

Tukaenda kwenye pikapu, na hapo mke wangu akafunua turubai. Kitanda. Mbao nzima, kimo cha goti na zaidi, kishikio pembeni cha kujiinulia. Alikwishakiagiza wiki mbili zilizopita, kabla mama yake hajapasuliwa. Kilikuwa tayari tangu Jumanne. Tangu Jumanne! Fundi alikuwa amekipakia kuvuka barabara tu, ndipo nikapiga kelele. Agizo langu lilikuwa kupita na kuongea, kama mke wangu alivyosema mwenyewe kwa maneno mafupi ya Kiswahili. Alitaka tu tupatane. Alimwambia Fundi asikilete mpaka nije kumsalimu, na nisipokuja, akilete Jumamosi wakifika.

Nikaungama habari ya vifurushi, nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Nilidhani kuvuka barabara ni rahisi kuliko kuleta kitanda kwa posta."

Nililishikilia turubai njia nzima kurudi. Upepo ulikuwa mzuri.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amelala kama mtoto. Ameamka, ameshika kishikio, amesimama bila kuinama, akasema kitanda hiki kina adabu.

Fundi amekuja na bisibisi akarudisha milango ya kabati. Ule uliopasuka ameuziba, huwezi kujua. Nikampa mkoba wa patasi. Alitoa moja moja, akazipitisha kwenye ukucha. Akasema ni chuma kizuri, kizuri kuliko chake. Nikamwambia ni zake. Akazichukua kabla sijamaliza sentensi. Tumekunywa chai, vikombe vitatu kila mmoja. Ule mwaka mzima wa kununiana ulikwisha kwenye kikombe cha pili.

Mke wangu hakunisemesha mpaka saa nane. Kisha akanisemesha mpaka saa kumi. Hukumu: nisinunue kitu chochote kwa simu. Chochote. Nimeapa mbele ya mama yake na Fundi, mkono juu. Nimeifuta ile programu ya duka wakinitazama. Mama mkwe akauliza nimefanya nini. Akaelezwa. Akasema masikini.

Nimejisikia mwepesi. Kweli kabisa. Mtu aliyetua mzigo ghorofa ya pili.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya tatu bila kununua. Hema limekwenda kwa mlinzi, kama shukrani ya pampu. Fimbo ya kuvulia kaichukua Mkuu wa Masjala! Amesema anastaafu mwakani na kuna ziwa kwao. Alikuwa akitania kumbe anatamani. Vayolini haina mchumba.

Mchana mleta vifurushi akabisha hodi. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo halihitaji daktari. Nikaapa sijui. Ikawa ile taa ya Jumatatu, niliyoisahau kabisa. Inawaka ukipiga makofi. Mke wangu alikuwa anafungua mdomo wake, mama mkwe akapiga kofi moja. Ikawaka. Akapiga jingine. Ikazimika. Akacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya jicho. Hana haja ya kupapasa ukutani tena, anasema. Taa imebaki. Kesi imefutwa.

Amepiga makofi mara arobaini leo. Nimehesabu. Jirani wa chini ameuliza tunampongeza nani.

Jumanne, 18 Machi

Furaha kuu! Daktari ameondoa kifuniko moja kwa moja. Mama mkwe anaona kwa macho yote mawili. Ameona mkunjo wa shati langu, ameona vumbi juu ya kabati, ameona nywele mbili nyeupe kichwani mwa binti yake na kuzitangaza. Jirani kaletewa habari. Fundi kaacha kazi akaja kuonwa. Ameambiwa ni mzuri kuliko sauti yake. Amerudi karakana akiimba.

Mke wangu alikwenda shuleni anakofundisha saa saba. Mama mkwe akaniita chumbani, akanionyesha nikae kitandani. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, lile duka langu liko wapi. Nikamwambia nilifuta. Akasema anajua, alikuwepo. Anataka kuliona tu. Miaka mitatu hajaweza kusoma herufi ndogo. Ni kujaribu jicho.

Kiapo ni kiapo. Lakini pia sikuwa na hakika kama ile programu imefutika vizuri, na njia pekee ya kujua ni kuipakua tena. Nimeipakua. Ilikuwa imefutika vizuri sana.

Akashika simu mwenyewe. Akapitisha kidole. Nguo, akapita. Sufuria, akapita. Akasimama. Akasogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akaikodolea macho kama mtu aliyemwona ndugu aliyepotea.

Mashine ya kutotolea vifaranga. Unaweka mayai arobaini na nane, inapasha joto, inayageuza yenyewe, ina kidirisha cha kuchungulia. Siku ishirini na moja.

Akasema amezalisha miaka thelathini na nane. Tangu astaafu mikono inamwasha.

Nikajaribu kuwa na busara. Nilikumbuka kliniki, benchi, kitambaa. Nikamweleza kwamba mimi ni mtu niliyejifunza. Akasema ndiyo maana ameniita mimi, anataka mtu mwenye uzoefu. Katika ndoa yangu yote hakuna aliyewahi kusema hivyo! Na kiapo changu kilikuwa nisinunue mimi. Kidole kilichobonyeza ni chake. Mimi nilishika simu isitikisike.

Italetwa kwa Fundi, ili mke wangu asipate wasiwasi bure. Fundi amekubali, kwa masharti kwamba nimwagizie jiliwa ya kubania mbao aliyoiona kwenye simu yangu. Nimemwagizia. Mbili. Ya pili nitajifunzia.

Jioni mke wangu ametuuliza mimi na mama yake mbona tunatabasamu tangu arudi. Mama mkwe akasema ni jicho jipya, linamfurahisha kila anachokiona. Mke wangu akafurahi naye, akamshika mkono. Nyumba nzima ina amani. Sijalala na moyo mweupe namna hii tangu mwaka uanze.

Mayai arobaini na nane. Ghorofa ya pili. Sioni tatizo lolote.